Mwaka Tuliosomea Gazeti

Gaspari alikuwa amekwisha kuzikwa nilipopata habari kwamba amekufa. Aliyeniletea habari ni Mama Riziki, jirani yangu, ambaye hununua mawese Mubi na kuja kuyauza hapa Goma. Alitua madumu yake mlangoni kwangu, akafuta jasho, akasema, "Mama Veronika, ule mwalimu muzee wa Mpofi, mwenye alikuwa anakusalimia kila mara napita kule, alienda. Tulimuzika na mvua." Nilitamani kwenda, lakini barabara ya kule siku hizi haiendeki kwa mtu wa umri wangu, na hata kwa wenye nguvu inategemea nani ameshika bunduki wiki hiyo. Kwa hiyo nilifanya nililoweza. Nilitoa viti uani, nikachemsha chai, nikangoja wenye kuja kulia pamoja nami. Alikuja Donati peke yake, kwa fimbo, amevaa koti lake juani kama kawaida yake. Katika darasa letu tulibaki sisi wawili. Mjukuu wangu Neema alitumiminia chai. Yeye anasomea uandishi wa habari hapa mjini, na Donati, ambaye alisema kwenye redio miaka mingi, hapendi kukaa karibu na mwanafunzi bila kumuuliza swali.

"Na ninyi, mutoto wangu," alimuuliza, "munaona hii kazi itawafikisha wapi?"

Neema alicheka kidogo. Alisema nusu ya wenzake wanataka kuonekana kwenye televisheni, na wengine wanatafuta cheti tu ili waajiriwe na mashirika yenye magari meupe. Kisha aliacha kucheka. "Na wengine, Papa Donati, banaogopa. Banasoma, lakini banaogopa." Donati hakumuuliza wanaogopa nini. Sote watatu tulijua. Alikizungusha kikombe mkononi, akanitazama, akasema, "Umuelezee mwaka wetu. Gaspari ameenda, na mimi nitasahau." Nilimweleza Neema jioni hiyo, nami tangu hapo nimekuwa nikiyaandika, kidogo kidogo, kila asubuhi kabla macho hayajachoka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabeljiji wakiwa bado wametukalia na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba wangeondoka upesi vile. Misioni moja ya milima ya Masisi ilikuwa na mashine ya kuchapa na gazeti la Kiswahili la kurasa nne lililotoka kila mwezi, na Padiri Anselmi, aliyelisimamia, alikuwa amechoka kuliandika peke yake. Alikusanya vijana waliomaliza masomo ili wafundishwe kazi hiyo kwa mwaka mmoja. Msichana nilikuwa mimi tu. Alinichukua kwa sababu alitaka ukurasa wa akina mama, na kwa sababu masista walimwambia mwandiko wangu unasomeka. Darasa letu lilikuwa chumba kilichokuwa zamani ghala la maharagwe. Harufu ya maharagwe haikutoka mwaka mzima. Ukifungua dirisha ukungu uliingia, ukilifunga giza liliingia, basi tuliliacha wazi na kuandika tumejifunika mablanketi mabegani. Nyuma ya ukuta ilikuwa mashine, na siku za kuchapa meza zetu zilitetemeka hata herufi zikapinda. Mpaka leo nikisikia mashine ya kusaga mihogo kwa mbali, mkono wangu unatafuta kalamu.

Mwalimu wetu hakuwa padiri. Aliitwa Mwalimu Tobi, mtu mwembamba mwenye kikohozi, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji Bukavu kabla Padiri hajamwita. Siku ya kwanza aliingia, akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, akauliza kila mtu anataka kazi hii kwa nini. Donati alijibu kwanza. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa juu milimani, mrefu, mwenye meno mazuri, na alikuwa na koti la kijivu alilopewa na kaka yake mkubwa. Alisema, bila aibu, kwamba mwandishi wa gazeti anavaa koti, anapanda baiskeli, anakaribishwa kiti kila anapofika, na watu wanalijua jina lake hata asipowajua. Tulicheka, lakini wengi wetu tulikuwa na mawazo hayohayo na tulimshukuru moyoni kwa kuyasema. Mwingine alisema ni kazi ya kueneza neno la Mungu. Mimi nilisema napenda kusomwa, na ndiyo ilikuwa kweli. Gaspari alikuwa nyuma karibu na dirisha. Alitoka Mpofi, upande wa Walikale, na alikuwa kijana asiyezungumza mpaka aulizwe mara mbili. Alisema, "Kwetu kunapita mambo mingi yenye hakuna muntu anayasema. Nataka kuyasema."

"Kwa nani?" Mwalimu Tobi aliuliza.

"Kwa wenye kuyafanya."

"Hao wanayajua tayari," alisema Mwalimu, na akaendelea kwa mwingine. Gaspari alikaa chini amekunja uso. Nadhani siku ile alimchukia.

Mafundisho ya Mwalimu Tobi yalikuwa hayana utamu tuliotarajia. Tulifikiri atatufundisha maneno makubwa. Alitutuma sokoni tukarudi na bei ya chumvi, kisha akauliza, "Nani alikuambia? Yeye aliuza ao alisikia?" Alitutuma kwenye ndoa, na aliyeandika kwamba bibi harusi alikuwa na furaha aliulizwa alijuaje. "Alicheka," alijibu mwenzetu. "Basi andika alicheka." Kwa miezi mingi tulimwona kama mtu mwenye moyo mkavu. Wakati wa chakula tulimwigiza. Nilikula jikoni kwa masista, lakini mchana nilipeleka sufuria ya wavulana, sombe ya majani ya muhogo na bugali, na maharagwe siku ambazo hakukuwa na kitu kingine, nikakaa kizingitini kusikiliza. Jumamosi Donati aliletewa kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwao, akawagawia wote, akimpa Gaspari, ambaye kwao msituni hawakunywa maziwa, kikombe kilichojaa kuliko vyote ili aone anavyokunja midomo. Hapo walibishana. Donati alisema gazeti ni kama kiti cha mbele kanisani, ukikipata usikiachie. Gaspari alisema gazeti ni mkuki, na kama si mkuki afadhali kulima. Mwingine alisema vyovyote, mshahara utakuja. Nami nilisikiliza, nikifikiri kwamba wote wanasema juu ya nguo wasiyowahi kuivaa.

Msimu wa mvua ulipokaribia kwisha, Padiri alitupa safari. Daraja jipya lilikuwa linafunguliwa karibu na Mubi, mbali kule msituni kupita Walikale, ambako kampuni ilichimba madini ya bati. Mkuu wa teritware, Mbeljiji aliyetawala eneo lile, angekata utepe, na gazeti lilitakiwa kuandika. Tulichaguliwa watatu, Gaspari kwa sababu alijua lugha za kule, Donati kwa sababu alijua kuzungumza na wakubwa, na mimi kwa ajili ya ukurasa wa akina mama. Tulipanda kamio, yaani lori la misioni, juu ya magunia ya viazi. Barabara iliteremka kutoka kwenye baridi yetu mpaka joto likatushika shingoni, na milima ya malisho ikageuka miti isiyo na mwisho. Mpofi tulisimama. Mama yake Gaspari alitupandishia mkungu wa ndizi, akamshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, akamwambia maneno ambayo Gaspari alikataa kututafsiria. Donati alisema, "Alikuambia ukule vizuri. Bamama bote banasema vile." Gaspari alicheka, kitu ambacho hakufanya mara nyingi.

Mubi wakati ule ilikuwa mstari wa nyumba kando ya barabara, maduka machache, na nyuma yake kambi ya wafanyakazi wa kampuni, vyumba vya matofali vinavyofanana. Wavulana walilala kwa katekista. Mimi, Padiri alikuwa amepanga nilale kwa Mama Sifa, mkristo mwenye kusifiwa, mke wa mchimbaji. Padiri hakujua kwamba mume wake hayupo. Alinipokea vizuri, akanipa kitanda chake, yeye na mtoto wake wakalala kwenye mkeka. Alikuwa mwanamke mwenye umri kama wa dada yangu mkubwa, na alifanya kila kitu polepole kama mtu anayebeba maji yaliyojaa mpaka juu. Asubuhi ya siku ya daraja tulikaa jikoni tukimenya mihogo. Kulikuwa na jirani mmoja, yeye na Mama Sifa wakizungumza kwa lugha yao, na nilisikia neno moja likirudi mara nyingi, *kukimbia*, walilolisema kwa Kiswahili katikati ya maneno yao, kama neno lililoletwa na wageni. Jirani alipoondoka nilimuuliza nani amekimbia.

Aliendelea kumenya. "Bwana yangu," alisema. "Banasema alikimbia kazi. Yeye na wengine batatu. Eti baliingia mu pori."

Kuvunja mkataba wa kazi wakati ule kulikuwa kosa la kupeleka mtu gerezani.

"Ile asubui," alisema, "alikula bugali nusu. Akaniambia, hii nusu ingine uniwekee, nitakula nikirudia. Dada, muntu mwenye kukimbia anasema vile?" Aliweka muhogo kwenye maji. "Na ile siku mvua ilinyesha sana. Tulisikia kitu kule juu, kama kamio inamwaga mawe. Kapita, ule musimamizi wa kazi, akakuja mangaribi, akasema Rafaeli wangu na benzake balikimbia. Baba yake bwana balimukamata. Ule muzee iko mu gereza ya Walikale mpaka sasa, banamuuliza mutoto alimuficha wapi. Na mimi nitatoka mu hii nyumba mwezi ukiisha, sababu ni nyumba ya kampuni, na bwana haiko tena mu kazi." Ndipo alipoinua macho. "Padiri alisema muko batu ya gazeti. Munafundishwa kutafuta habari. Basi munitafutie bwana yangu."

Nimeulizwa mambo mengi maishani, na sina hakika kama nimewahi kuulizwa jambo zito kuliko lile. Mpaka asubuhi ile nilikuwa nadhani mwandishi anachagua habari yake. Sikujua kwamba mtu anaweza kukuwekea habari mikononi kama mtoto mgonjwa, akakaa akusubiri.

Niliwaeleza wenzangu kandokando ya daraja, bendi ya shule ikipiga. Gaspari hakungoja utepe ukatwe. Aliondoka kupitia nyuma ya watu, akapanda njia ya machimbo. Donati alibaki, akaandika hotuba, akasalimiana na wakubwa, akanywa soda aliyopewa. Nilimkasirikia. Nilifikiri, huyu amepata kiti chake. Lakini sherehe ilipokwisha alikuja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba karani wa kampuni, katika maongezi, alisema kuna mchimbaji mwenye mguu uliovunjika kwenye zahanati, na kwamba haruhusiwi kutembelewa. "Sasa mbona unaniambia?" nilimuuliza. Donati alifunga vifungo vya koti lake, akapangusa viatu kwa majani, akachukua kalamu na kuiweka mfuko wa juu. Akatembea kuelekea zahanati kama mtu aliyeitwa. Mlinzi alisimama wima, akamfungulia.

Alikaa mle ndani muda mrefu. Alipotoka koti lilikuwa limekunjwa mkononi na shati limeloa. Mgonjwa aliitwa Kibira. Alikuwa amekaa siku nyingi bila mtu wa kuzungumza naye, akamshika Donati mkono na kukataa kumwachia. Alisema walikuwa wakichimba chini ya mteremko ambao tangu asubuhi ulikuwa unatoa maji. Rafaeli alimwambia kapita kwamba udongo unasema. Kapita akajibu kazi ni kazi. Kibira alikuwa juu akipokea vikapu, wenzake wanne walikuwa chini, na mteremko ulishuka ukamfunika yeye mguu na wao wote kabisa. "Alisema majina yao," Donati aliniambia, "moja moja, kama muntu anayeita batoto bakule." Baadaye, Gaspari aliporudi, suruali imejaa udongo mwekundu, alisema ameona mahali penyewe. Kila kitu kule kilikuwa kijani isipokuwa ubavu mmoja wa mlima. Wachimbaji wawili wazee walikuwa wamempeleka, wakasimama mbali, wakavua kofia zao. Kila mmoja aliulizwa peke yake, na kila mmoja alitaja majina yaleyale.

Njiani kurudi Masisi, kwenye magunia matupu Gaspari aliandika, kamio likimtupa huku na huku. Alimpa Mwalimu Tobi kazi yake siku tuliyofika. Ilikuwa ndefu, nzuri, na kali. Neno *wauaji* lilikuwa katika mstari wa kwanza. Mwalimu aliisoma amesimama dirishani, akaisoma tena, akakohoa, akasema haiwezi kuchapwa.

"Ni kweli ao si kweli?" Gaspari aliuliza.

"Ni kweli."

"Sasa?"

"Mkuu wa teritware anasoma kila gazeti letu. Hii ikitoka, mashine itafungwa siku hiyohiyo, magazeti yatachomwa, na kule Mubi halitafika hata moja. Utakuwa umejisomea mwenyewe."

Gaspari alisema basi kazi hii ni kazi ya waoga, na Donati alikuwa na haki, ni koti tu. Alianza kukusanya vitu vyake mezani. Na Donati, wa watu wote, alisimama mlangoni akamzuia. "Mimi sisemi vile tena," alisema. "Nilisema vile kabla ya kuona Kibira." Walisimama wakitazamana, mmoja na mablanketi mkononi, na nilidhani watapigana. Mwalimu Tobi alivuta kiti, akaketi, kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimemshika. Kilipotulia aliniuliza mimi, wala si wao, "Yule mama alikuomba nini?"

Nilisema aliomba tumtafutie mume wake.

"Aliomba kapita aitwe muuaji?"

"Hapana."

"Anataka nini, wewe unavyofikiri?"

Nilifikiri. Nilisema anataka mume wake asiitwe mtu aliyekimbia kazi. Anataka mzee atoke gerezani. Anataka kulia.

"Gaspari," alisema Mwalimu, kwa upole ambao hatukuwahi kuusikia kwake, "hasira yako ni ya haki, na uitunze. Lakini yule mama hawezi kusimama nayo mbele ya biro ya serikali kule Walikale. Tumuandikie kitu anachoweza kusimama nacho."

Katika ukurasa wa mwisho wa gazeti letu kulikuwa na sehemu iliyoitwa Tuwaombee. Ilikuwa ya wafu wa mwezi, jina, kijiji, ugonjwa uliomchukua. Hakuna aliyeisoma kwa udadisi, wala mkuu wa teritware, kwa maana nani anamchunguza marehemu? Tulikaa mezani wote wanne mchana kutwa kwa mistari michache. Mwalimu alituuliza juu ya kila jina: nani alikutajia, alimjuaje, nani mwingine alitaja. Swali lile tulilokuwa tunaliigiza kwa kicheko wakati wa chakula, siku ile hakuna aliyecheka. Gaspari alijibu kwa hasira mwanzoni, kisha kwa uangalifu, kisha akaanza kujiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa. Yeye ndiye aliyependekeza maneno mawili ya mwisho, na Mwalimu aliyaandika bila kubadili herufi.

Padiri Anselmi alisoma kila kitu kabla ya kuchapwa. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimepeleka ukurasa wangu wa akina mama, habari ya kukausha uyoga. Alisoma daraja, akatabasamu. Alisoma uyoga. Alifika Tuwaombee, akakaa hapo. Mvua ilikuwa inaanza juu ya mabati. "Hawa walikuwa wakristo?" aliuliza.

"Wawili walibatizwa, Padiri," alisema Mwalimu Tobi. "Wawili walikuwa wanafundishwa."

"Ni lazima tuseme walikufa namna gani?"

"Wengine tunasema homa, tunasema kifua. Na hawa pia walikufa kwa kitu."

Padiri alivua miwani, akajipangusa uso, akaonekana ghafla mzee kuliko siku zote. Alielewa, sina shaka. Nimesikia watu wakisema kwamba mapadiri wote walikuwa upande wa kampuni, nami siwezi kuwasemea wote. Ninachoweza kusema ni kwamba huyu mmoja alivaa miwani yake tena, akachovya kalamu, akatia sahihi.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi. Mkuu wa teritware alikuja mwezi uliofuata, kwa gari lake jeusi, akiwa ameshika gazeti. Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba ya mapadiri na nilisikia sauti yake ikipanda, na ya Padiri ikibaki palepale, ikirudia kwamba sahihi ni yake. Haikumsaidia Mwalimu Tobi. Aliambiwa arudi Bukavu, na masomo yetu hayakufunguliwa tena mwaka mwingine. Alituaga kwa mkono, mmoja mmoja, kama alivyotusalimia, na tulisikia baadaye kwamba aliuza madaftari na kalamu sokoni Uvira. Lakini yule mzee alitolewa gerezani. Hakuna aliyemwomba radhi, walimfungulia tu mlango na kumwambia aende. Na Mama Sifa aliachiwa nyumba mpaka mavuno, kisha akarudi kwao na mtoto wake kwa jina safi. Donati alikwenda redioni baada ya uhuru, akapata koti zuri zaidi, na mara mbili alifukuzwa kazi kwa kukataa kusoma habari ambayo hakujua nani aliisema. Mimi nilifundisha wasichana kusoma na kuandika, nikaandika magazetini kila liliponitaka gazeti. Gaspari, aliyetaka mkuki, hakuandika tena hata siku moja. Alifundisha watoto Mpofi mpaka macho yalipomwishia. Nilimuuliza zamani kwa nini aliacha. Alisema hakuacha, alikuwa anaandaa wenye kuulizwa, ili siku mwandishi akifika waweze kujibu.

Lakini kabla ya gari jeusi, kabla ya yote hayo, magazeti yalitakiwa kufika Mubi. Gaspari na mimi tulipanda tena lile kamio, yeye akienda kwao kwa mapumziko, mimi kwa sababu nilimwomba Padiri na hakukataa. Tulifika asubuhi, jua likiwa bado chini ya miti. Dereva alisema tushushe mafurushi upesi, kwa maana alitaka kuvuka mto kabla ya mvua. Mama Sifa alikuwa akifagia mbele ya mlango. Aliniona, akaona gazeti, akaegemeza ufagio ukutani. Wanawake wa vyumba vya jirani walitoka. Kapita alikuwepo pia, mtu mnene mwenye kofia ya majani, amekunja mikono, hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemsalimia.

Nilisoma. Sauti yangu haikuwa nzuri mwanzoni, nikaanza upya. "Tuwaombee Rafaeli, Stanislasi, Bulenda na Mungazi, waliofunikwa na udongo katika machimbo karibu na Mubi, wakiwa kazini."

Mama Sifa alisogea karibu. "Iliandikwa *kazini*?"

"Iliandikwa."

"Ile neno iko wapi? Nionyeshe."

Hakujua kusoma. Nilishika kidole chake nikakiweka juu ya neno. Alikiacha hapo. Alilitazama kwa muda, akapeleka kidole nyuma mpaka jina la Rafaeli, nililomwonyesha pia, akakirudisha tena mbele, kama mtu anayepima njia kutoka nyumba moja mpaka nyingine. "Basi hakunikimbia," alisema. Aliondoa kitambaa kichwani, akaketi chini mbele ya mlango wake, akanyoosha miguu kama wajane wanavyoketi, na sauti iliyotoka kwake haikuwa ya juu, lakini kambi nzima iliisikia. Wanawake waliketi kumzunguka, mmoja baada ya mwingine. Mke wa Stanislasi alikuwa miongoni mwao. Kapita alivua kofia, akabaki nayo mkononi, kisha akaenda zake upande wa machimbo bila kuivaa.

Barabarani dereva alipiga honi mara ya kwanza, na mara ya pili. Nilimtazama Gaspari. Uso wake ulikuwa umeloa na hakuufuta. Alikwenda mpaka kwenye kamio, akasimama kwenye dirisha la dereva, na nikamsikia akimwambia kwa utulivu azime gari, kuna matanga, leo hatuondoki.